Jina Refu Lililogoma Kunakiliwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli, naye aliitika jina hilo kwa fahari, maana hapakuwa na mlango uliowahi kumshinda. Kompyuta ya nyumbani ndiyo iliyomtia adabu. Tangu ianze kukoroma alikuwa akihangaika kuifanyia bakapu, yaani kunakili kila kilichomo na kukihifadhi kwenye diski ya pembeni, na kila mara kazi ilifika katikati ikakata. Alibadilisha waya. Alinunua diski nyingine. Alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Mwishowe, kwa kuwa fundi ni fundi, alitia tone la mafuta ya cherehani kwenye tundu la waya, kama afanyavyo kwa kitasa chenye kutu, kisha akasimama kando akingoja shukrani.

Mkewe alikuwa kwenye kochi akipanga soksi kwa kupapasa. Akanusa hewa.

"Mbona kompyuta inanukia cherehani?"

"Harufu ya nje tu hiyo."

"Mpigie simu mdogo wangu."

Hilo ndilo alilokuwa akilikwepa. Shemeji yake alikuwa fundi wa kompyuta, na ulimi wake haukuwa na breki. Siku Fundi Kufuli alipojifungia nje ya nyumba yake mwenyewe, shemeji aliisimulia habari hiyo harusini, msibani na kwenye foleni ya benki. Lakini mkoromo ulizidi, na kilichokuwa mle ndani hakikuwa cha kuchezea. Macho ya mkewe yalikuwa yamefifia polepole mpaka yakazima kabisa, na picha za familia sasa alizitazama kwa masikio. Fundi alikaa akaipa kila picha jina refu, sentensi nzima, ili ile sauti ya kompyuta inayosoma maandishi imsomee mkewe: nani yuko kushoto, kavaa nini, nani kanuna na kanunia nini. Mkewe aliibatiza sauti hiyo mke mwenza. Aliisema kwa matamshi yake, aliisema kwa kukosa adabu, na kila baada ya chai alikwenda kukaa nayo. Majina yale yangepotea, asingeziona tena picha zake.

Basi akapiga simu, kwa mbinde.

Shemeji aliingia na begi begani na tabasamu lililotangulia mguu.

"Shemeji! Nasikia umekutana na mlango uliokushinda."

"Karibu, shemeji. Kaa kwanza, maneno baadaye."

"Dada, shikamoo. Huyu bwana hajajifungia nje tena?"

"Marahaba. Angalia mashine kwanza, wewe mtoto."

Shemeji akainama, akapitisha kidole kwenye tundu la waya, akakinusa. Akakinusa tena, kama asiyeamini pua yake.

"Dada, mumeo ameipaka kompyuta mafuta."

"Nilijua!"

"Tone moja," Fundi akajitetea.

"Tushukuru hakutia grisi."

Alipoyafuta mafuta, akaanzisha bakapu. Mstari wa kijani ukatembea, ukafika katikati, ukasimama. Shemeji akasoma ujumbe uliotokea, kisha akaanza kufungua folda za picha ili amwone mchawi. Ndani ya folda iliyoitwa Picha alikuta Picha Zenyewe. Ndani ya hiyo alikuta Usifungue, ndani ya Usifungue akakuta Nimesema Usifungue, na bado safari ilikuwa ndefu.

"Shemeji, haya yote ya nini?"

"Usalama. Mwizi akifungua moja, anakutana na nyingine. Anachoka, anaondoka."

"Mwizi gani anakuja kuiba picha ya mjomba akipiga miayo?" Akajikuna kichwa. "Ndicho kinachotukwamisha hicho. Mashine inasoma majina ya folda zote pamoja na jina la picha, kama anwani moja. Anwani ikizidi urefu, programu ya bakapu inagoma. Na wewe huku umerundika folda, huku majina yako ni hotuba."

"Dawa yake?"

"Ndogo sana. Kuna kiprogramu hapa kinazipa picha zote namba. Moja, mbili, tatu. Kufumba na kufumbua tumemaliza." Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Toa mkono!"

Fundi mwenyewe alishtuka jinsi alivyopaza sauti. Mkewe aliacha soksi.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "ukizipa namba mimi nitaona nini? Sita? Sabini na nne?"

Shemeji aliondoa mkono kwenye mashine akauweka gotini, na kwa mara ya kwanza tangu aingie hakuwa na utani mdomoni.

"Nisamehe, dada. Sikufikiri." Kisha akamgeukia Fundi. "Basi kimoja kiondoke. Majina au folda."

Fundi alizitazama folda zake. Alikuwa amezipanga kwa akili nyingi, moja ndani ya nyingine, na moyoni alizipenda kidogo.

"Vunja folda," akasema.

Picha zikatolewa zote zikawekwa mahali pamoja, peupe, mwizi yeyote ajisevie. Bakapu ikaanza upya. Mstari ukafika katikati, ukapita, na Fundi akaanza kujifaragua kana kwamba yeye ndiye aliyeusukuma. Karibu na mwisho ukasimama. Faili moja tu lilikuwa limegoma.

"Hili jina peke yake linatosha kujaza anwani," shemeji akasema. "Tulipunguze."

Fundi alimshika shemeji bega. Hiyo ndiyo picha aliyoipenda mkewe kuliko zote, aliyotaka kusomewa karibu kila siku. Hiyo ndiyo pia picha ambayo Fundi aliomba mtu mwenye macho asije akaifungua.

"Punguza maneno mawili, usiifungue."

"Nitapunguzaje nisichokiona?" Shemeji akabofya. Kioo kizima kikajaa kitu chekundu-chekundu, cha duara. Akasogea karibu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji! Hiki ni kidole gumba! Dada, picha nzima ni kidole cha mumeo!"

"Picha ipi?" mkewe akauliza.

Mke mwenza, ambaye haoni haya, akaisoma kwa sauti: "Mke wangu anamfunga kitinda mimba wetu vifungo vya gauni la harusi, vidogo kama punje za mtama, amekataa kusaidiwa, binti anamtazama mama kwenye kioo, mama naye anamtazama yeye, jua la dirishani limewapiga wote wawili begani."

Kicheko cha shemeji kikakatika. Harusi ile ndiyo ilikuwa sherehe ya mwisho ambayo dada yake aliiona kwa macho.

"Nilishika kamera vibaya," Fundi akasema. Uso ulikuwa umemshuka. "Nilipokuta kidole, nikaandika nilichokiona mwenyewe. Sikuwa na moyo wa kukuambia."

"Kwa hiyo picha haipo."

"Haipo."

"Siku zote hizi nasomewa kidole gumba."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipoacha kucheka machozi hayakuacha. Aliyafuta kwa soksi aliyokuwa nayo mkononi.

"Kidole kifute," akamwambia mdogo wake. "Ila hayo maneno usipunguze hata moja. Hayo ndiyo picha yangu."

Shemeji aliinamia kibodi, akajifanya kuna kazi kubwa pale. Alifungua ukurasa mtupu, akaihamishia sentensi ile ndani, akaupa ukurasa jina fupi: Vifungo.

"Humu hakuna kipimo, dada. Jina likiwa fupi, ndani mnaweza kuandika hata kurasa kumi. Mkimaliza, naanzisha bakapu."

"Hakuna kipimo kabisa?"

"Hakuna."

Mkewe akaugeuza uso upande aliko Fundi.

"Basi vuta kiti, baba watoto. Ulikuwa unabana maneno, sasa yamwage. Anza na yale mafua."

"Mafua gani?"

"Wakati nafunga vile vifungo ulisimama nyuma yetu unavuta pua. Nilikuuliza una nini, ukasema mafua yamekubana."

Fundi alimwangalia shemeji, lakini shemeji alikuwa akiikagua dari kwa makini. Akavuta kiti. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na alipomaliza mke mwenza akasoma, kila mtu akasikia:

"Sikuwa na mafua."