Mmoja Dhidi ya Watatu

Mshale ulizunguka juu ya vichwa vyetu vinne kwenye televisheni, ukapunguza mwendo, ukaganda kwangu. Mmoja dhidi ya watatu. Mimi juu ya daraja la kamba, wao ng'ambo na mapipa ya kuviringisha. Nikisimama hadi kengele ilie, nimeshinda. Pipa likinigusa, nimekwisha.

Mchezo ule wa video mjomba aliniletea kutoka Uingereza mwaka wa tisini na tisa, na Keroka nzima hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nao. Mashine ilimtenga yeyote, bila kujali baba yake ana duka au hana. Kila nilipotengwa mimi, rafiki yangu Ronny alikosea makusudi. Pipa lake lilipita pembeni, naye akanikonyeza. Tangu chekechea tulikuwa chanda na pete.

Desemba ile Ronny aliadimika. Alikuwa jandoni. Alirudi uso umeng'aa kwa mafuta, maringo tele, pamoja na binamu zake Machogu na Ratemo waliotahiriwa naye. Nilikuwa nimewangoja kwa hamu hadi nikakosa usingizi. Kumbe hata kuketi walisita.

"Huyu ni omoisia," Machogu alimwambia Ronny, nami nipo papo hapo.

Nilizaliwa Keroka, sikuhitaji mkalimani. Omoisia ni mvulana ambaye hajatahiriwa, na aliyetoka jandoni hachezi naye tena. Kwetu Wahindu jando halipo. Sasa ningefanyaje?

"Ni Hiren," Ronny alisema.

"Haya, atushinde basi," Machogu akajibu. "Akisimama, tutamwita Hiren. Akianguka, hiyo ndio jina yake. Na ni wewe utamwita."

Ndipo mshale ukaganda kwangu. Pipa la Ratemo nililiruka. La Machogu likanikosa kwa unywele. Likabaki la Ronny. Nilimgeukia, nikingoja anikonyeze. Hakunitazama. Alilenga taratibu, kwa ustadi ambao hakuwahi kunionyesha, akalisukuma katikati kabisa.

Nikaanguka. Wakacheka wote, na yeye pia. Nilimchukia Ronny siku ile, na mpaka leo sijamaliza.

Walishuka dukani kwetu, chini ya nyumba, bila kuniaga. Ilikuwa siku ya soko na wateja walijaa hadi mlangoni. Mama alikuwa akipima sukari. Alikuja Kenya kuolewa. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, na Ekegusii hakujua hata salamu. Nilisimama juu ya ngazi nikamsikia.

"Nyinyi naenda mapema hivi? Hiren iko wapi?"

Machogu akakohoa, akamtazama Ronny.

"Omoisia yuko juu, mama," Ronny akasema.

Mama alilipenda jina lile papo hapo. Miaka yote alitamani tuhesabiwe watu wa hapa, na sasa akadhani wenzangu wamenibatiza kwa lugha yao. Akainua uso kuelekea ngazini, akaita kwa furaha, sauti ikafika hadi barabarani:

"Omoisia! Omoisia yangu! Njoo aga rafiki yako!"

Duka zima likaangua kicheko. Mama naye akacheka nao, akawagawia wale watatu peremende.

"Nakuja, mama," nikaitika.