Siku Dhanbai Aliposhuka Uani

Mwaka 1966, Jashvant alipopewa kazi ya kuchora nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, alikwenda kwanza kuketi na wake zao. Akawauliza wanapikia wapi, wanafulia wapi, na mtu akifiwa waombolezaji hukaa wapi. Kisha akachora nyumba ya ghorofa iliyozunguka ua mpana, wenye jiko la pamoja, makaro ya kufulia na banda refu la misiba na harusi.

Wakubwa wa ushirika uliomwajiri walinung'unika. "Hapo uani zingeenea familia sita zaidi," mmoja akasema.

"Zingeenea," Jashvant akajibu, "lakini zisingejuana."

Wakamkubalia. Nyumba ikasimama Kambarage, mjini Shinyanga, naye akapewa makazi ghorofani, yeye na mkewe Dhanbai. Hawakuwa na mtoto.

Ua ulichangamka kuliko alivyotarajia. Wanawake walitwanga, wakasukana, wakasimuliana habari za makwao. Dhanbai alikuwa akisimama kwenye roshani akiwasikiliza. Jioni moja akamwambia mumewe, "Mama Mihayo wa chini ananiita nikapike naye. Nishuke?"

Jashvant hakuinua macho kwenye gazeti. "Watu wetu wa madukani watasema mke wangu anapikia nje na vibarua."

"Si wewe uliyelichora hilo jiko?"

"Niliwachorea wao. Wewe jiko lako lipo humu ndani."

Mwaka uliofuata Dhanbai aliuliza tena, akajibiwa, "Tutaona."

Hakuuliza mara ya tatu. Alijifunza Kisukuma kwa masikio, kutoka juu. Kila asubuhi aliinama roshanini kuwaamkia, "Mwangaluka!" na chini wakamwitikia kama mama yao, "Mwangaluka, mayu!" Aliteremsha bajia katika kikapu kwa kamba, nacho kikapandishwa na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, au karanga mbichi. Watoto wote aliwajua kwa majina, ingawa hakuwahi kumbeba hata mmoja.

Mwaka 1973 kaka wa Dhanbai, Kanji, aliuza duka lake la Mwanza ili ahamie Uingereza na familia yake. Dhanbai akasema atakwenda nao.

"Kwa muda gani?" Jashvant akauliza.

"Nataka kukaa nyumba yenye watu."

"Hapa pamejaa watu!"

"Wako chini," akasema Dhanbai.

Siku ya safari alishuka ngazi, mumewe nyuma yake na sanduku. Wanawake wakaacha vyungu. Zipora, ndiye Mama Mihayo, akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe wewe mfupi hivi!"

Wakacheka, Dhanbai akicheka kuliko wote. Wakampa kigoda karibu na moto, wakampa viazi na maziwa. Kanji akapiga honi ya gari, Dhanbai hakuinuka. Alikuwa amempakata mtoto. Honi ilipolia tena, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaondoka akifuta macho kwa ncha ya sari. Jashvant hakujua asimame wapi katika ua alioupima mwenyewe.

Gari lilipopotea, Zipora akamwendea. "Bwana Jashvant, miaka yote tulimwita. Tulidhani anatuona wachafu."

"Hapana," akasema. Akapanda juu.

Baada ya miaka miwili Kanji alipita Shinyanga kumalizia mambo yake, akamwambia shemeji yake ukweli: Dhanbai anapika katika jiko la shule moja huko Uingereza, na harudi.

Kesho yake Jashvant alimkuta Zipora peke yake karoni, akikamua shuka.

"Ni mimi niliyemkataza," akasema. "Yeye alitaka kushuka."

Zipora akamgeukia. "Sasa si ungetuambia hata sisi, bwana. Tungepanda kwake."

Hilo Jashvant hakuwahi kulifikiria. Alishika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja. Wanawake wengine walipofika na ndoo zao wakamwamkia kwa heshima, wakasubiri aondoke. Akawapisha.