Supu ya Alima

Mama Mawazo alikuwa na kichwa kigumu, mtaa mzima wa Kamalondo ulijua. Binti yake wa pekee, Alima, alipoolewa na Casimir, Mkatoliki wa kambi ya reli, mama, Mwislamu wa Maniema, aliapa hatakanyaga kwake. Akakaza mwaka wa kwanza, akakaza wa pili. Usiku analia, mchana anajifanya hana habari. Jeuri gani hiyo, jamani!

Asubuhi moja Delphine, dada yake Casimir, akaingia uani bila hata kupiga hodi.

"Mama, Alima iko mugonjwa sana. Homa inakataa kushuka. Chakula yote anakataa, anaomba tu supu yako ya dengu. Kuya, twende!"

Hasira ya miaka miwili ikayeyuka palepale. Lakini kwao Maniema mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu, tena mara ya kwanza!

"Tangulia, mwanangu. Mwambie ninakuja, na supu yake ninaleta."

Akawasha makala kwenye jiko lake la mbabula. Dengu za dukani kwa Mgiriki zilikuwa na mawe, akazipepeta na kuzichambua kwenye ungo, mtoto asije akavunjika jino. Akakaanga kitunguu kwa mawese, akatia nyanya, kitunguu saumu, bizari kidogo, akamimina maji, akafunika. Chakula cha maskini, ndiyo, lakini sufuria moja inashibisha nyumba nzima. Zilipoanza kulainika akaonja. Zingelika. Ila Alima tangu utoto alizipenda zivurugike kabisa, basi mama akaongeza maji na makala, akaendelea kukoroga huku akisema peke yake: "Nitamwomba msamaha. Nitamlisha kwa mkono wangu. Akitaka kuninunia, anune."

Jua lilishapita utosini alipojitwika sufuria na kuvuka reli.

Nje kwa Casimir wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Hakuna aliyemjua. Mmoja akainuka, akampokea sufuria kwa mikono miwili.

"Aksanti, mama. Mungu akubariki. Tutaiweka pale na zingine."

Pale ukutani zilipangwa sufuria za ugali wa bukari, za maharagwe, za majani ya sombe, kila moja imefunikwa. Nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaoilisha. Mama Mawazo alikuwa amepeleka sufuria za namna ile kwenye misiba mingi. Akaketi mavumbini.

"Alima! Mwanangu Alima!"

Wanawake wakatazamana. Casimir akatoka ndani, macho mekundu. Akapiga magoti mbele ya mkwe wake, hakumlaumu kwa lolote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Alikungojea, mama. Mlango ukigongwa tu, anasema, 'Ni mama huyo.'"

Mama akamshika mkono, akaung'ang'ania.

"Zilikuwa hazijaiva," akasema. "Baba, dengu zilikuwa hazijaiva."