Bendi Mbili Zilizoitwa Radi

Mambo yaliharibika Ijumaa ya tarehe saba mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, redio ikiwa juu ya kabati la vyombo na ukoo mzima umenyamaza kama uko kwenye mtihani. Mtangazaji alikuwa ameahidi kupiga wimbo wa bendi yetu, Radi, kumkumbuka mwimbaji wake, mama watoto wangu, aliyefariki mwezi uliotangulia. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga besi. Tulipiga fanki, muziki wa besi nzito na tarumbeta mbele, na tulirekodi mara moja tu, palepale redioni. Nyumbani hatukuwa na nakala. Sauti ya mke wangu ilikuwa imebaki kule redioni tu.

"Na sasa, Radi," mtangazaji akasema, kwa ile huzuni yao ya kulipwa mshahara.

Likaja gitaa linalokoroma kama mashine ya kusaga, na kijana anayepiga kelele kama amebanwa vidole na mlango.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaweka kikombe chini. "Shem, huyo ndiye dada?"

"Hiyo ni Radi nyingine. Ya roki. Vijana waliotufuata."

"Maana nilidhani kaburi limemharibu koo."

Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Mimi sikucheka.

Vijana wale siwalaumu. Walizaliwa sisi tumeshaacha kupiga. Wangejuaje kuwa jina lina wenyewe? Nawalaumu wenye viti vya kuzunguka. Jumatatu nilikwenda redioni na binti yangu. Mkuu wa muziki, bwana mwenye tai, akatazama kompyuta yake.

"Mzee, hapa Radi ni moja tu."

"Ziko mbili, bwana mkubwa. Mpiga besi wa hiyo ya pili umemkalisha mbele yako."

Akaeleza bila haya. Miaka ile walipohamishia nyimbo kwenye kompyuta, amri ilitoka juu: jina moja, kanda moja, zinazobaki zitumike upya. Kanda ya roki ilikuwa mbele kwenye rafu. Yetu ikaonekana ni marudio, ikarekodiwa hotuba juu yake.

"Hotuba ya nini?" binti yangu akauliza.

"Ya kuzindua tangi la maji."

"Lile lisilotoa maji?" nikasema.

Akanyoosha tai.

Fundi mitambo, mtu mzima kama mimi, akaitafuta ile kanda stoo, akaipachika kwenye mashine. Tukaisikiliza hotuba mpaka mwisho: shukrani kwa fulani, shukrani kwa fulani, makofi. Kiongozi yule alikuwa ameimaliza karibu kanda nzima. Karibu. Makofi yakakatika, ikaingia besi. Besi yangu. Mashairi yalikuwa yameshafutwa na hotuba. Tarumbeta zikafunga wimbo, halafu mtu akavuta pumzi karibu na maikrofoni.

Binti yangu akanishika kiwiko.

Bwana wa tai akabonyeza kitufe, mashine ikasimama. "Basi mzee, umeridhika?"

"Nitolee hicho kipande niondoke nacho."

"Hiyo sasa ni kanda ya hotuba. Hotuba ya kiongozi haikatwi bila kibali kutoka juu."

"Na sisi mlitukata kwa kibali cha nani?"

Akasema ana kikao. Akabeba simu zake akatoka, na mpaka leo kibali hicho bado naambiwa kiko juu. Huko juu sijui kuna nini, maana kila kitu chetu kikipanda hakishuki.

Mlango ulipofungika, fundi akageukia mashine. Alirudisha kanda nyuma kidogo, akaongeza sauti.

Pumzi ile tena. Safari hii hakuna aliyeikatiza. Mke wangu alikuwa anamsemesha fundi wa siku ile, aliyekaa nyuma ya kioo, na kanda inaishia hapohapo, kabla huyo fundi hajafungua mdomo. Alisema, kwa sauti ya mtu mwenye muda wa kutosha:

"Imeingia vizuri, au turudie?"