Kompyuta ya Mdogo Wake Gunia

Ngumi ya tatu ilitua pale pale ilipotua ya kwanza, juu ya jicho la kulia, na Gunia akahisi ngozi ikiumuka kama unga uliotiwa hamira. Akarudi nyuma hatua mbili mpaka kamba zikamgusa mgongo. Bingwa akamfuata. Bingwa alikuwa na pambano baada ya siku tisa, na pambano likikaribia alisahau kabisa kwamba mtu aliye mbele yake ni wa mazoezi tu, na kwamba naye kazaliwa na mama.

"Gunia, usilale!" kocha alipiga kelele kutoka kona.

Gunia hakuwa amelala. Kwa miaka kumi na moja hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kupigwa bila kulala. Wenzake walijiita Radi na Kifaru. Yeye walimwita Gunia, kwa lile gunia la mchanga lililoning'inia ukumbini, wala hakuona tusi ndani yake. Alijua kumwachia mtu ubavu ili ajifunze kulenga, kumwegemea ili ajifunze kusukuma, na kupiga goti moja sakafuni bila kumfanya aliyempiga ajione mkatili. Ni ufundi kama ufundi mwingine, ila mafundi wake hawadumu.

Jicho la kulia likafunga kabisa, na hapo Gunia akaogopa, woga wa kweli. Jicho hilo ndilo alilokuwa akilitegemea. La kushoto lilianza kuharibika tangu mvua za mwanzo wa mwaka: kwanza vidoadoa kama masizi yanayopepea, kisha kiza kilichoingia kutokea upande wa sikio, mfano wa pazia, na kila wiki pazia likisogea kidogo. Hakumwambia mtu. Kocha akijua, asingempandisha tena ulingoni. Mdogo wake akijua, asingekubali kusomeshwa kwa ngumi. Basi akafunga mdomo, akaendelea kupigwa. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo lenyewe nani huliuliza?

Mkono wa kulia wa Bingwa ulitoka ndani ya lile pazia. Hakuuona. Ulimpata kwenye taya, kinga ya meno ikaruka, kinywa kikajaa damu. Wa pili pia hakuuona. Wa tatu ulimpiga sikioni, na ukumbi mzima ukawa mlio mmoja mrefu. Alipopiga goti safari hii, haukuwa ufundi.

Kengele ikalia. Kocha akamwinua kidevu.

"Unaona?"

"Naona."

"Vidole vingapi?"

Kocha huyu, tangu wafahamiane, hakuwahi kuonyesha zaidi ya viwili. "Viwili," Gunia alisema.

"Safi. Nenda kaoge. Bingwa kakupenda, anataka mwende wote kambini baada ya pambano, kujiandaa na lingine. Wiki tano."

Saa sita mchana alikuwa dukani kwa fundi wa kompyuta za mtumba, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, bahasha ya malipo ya mwezi mzima mfukoni. Mdogo wake wa kike alikuwa keshafika. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu, yeye akisomea upimaji wa ardhi, na barua ya chuo ilisema kila mwanafunzi aje na kompyuta yake. Alimtazama kaka yake, akasonya.

"Yule Bingwa wenu hana mama?"

"Anaye. Ndiye anayempikia," Gunia alisema. "Tuonyeshe mali, fundi."

Fundi akaweka mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya fedha, inang'aa hata ukaona huruma kuigusa. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, pembe moja imemeguka, herufi za kibodi zimefutika kwa vidole vya watu wengine.

"Hii ya fedha," Gunia alisema. "Chuoni watakuheshimu."

"Uzuri wa mkakasi huo, kaka. Kumbukumbu gigabaiti nne tu, na haziongezeki. Nikifungua ramani moja inagoma. Hii nyeusi ina nane, na fundi anaweza kuongeza."

"Kwa hiyo huyu wa fedha ana kifua, hana pumzi."

"Umeelewa." Akacheka. "Na jioni, masomo yakiisha, nataka na gemu kidogo. Sikufichi."

"Nani kakwambia ufiche?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo mdogo wake aliigeuza ile nyeusi, akasikiliza feni, akafungua na kufunga kifuniko mara kumi akisikilizia bawaba, akachomoa chaja aone betri itashikilia muda gani. Gunia alimwangalia kwa fahari iliyomuuma kifuani kuliko mbavu. Mtoto huyu, aliyembeba mgongoni siku walipobaki wawili, leo anambishia fundi kwenye kazi yake.

"Tuijaribu kwa gemu," fundi alisema, akijiokoa. "Ipo ya ndondi. Mnacheza wawili, kibodi moja."

"Ndondi!" mdogo wake alisema. "Leo nakupiga, kaka. Mbele ya mashahidi."

Vijitu viwili vikatokea kwenye kioo, vimevimba misuli. Gunia alipewa vitufe vya kulia, na kijitu chake kikasimama upande wa kulia. Kengele ikalia, na vidole vyake vikaanza kujua kazi. Lakini kijitu cha mdogo wake kilirudi nyuma, kushoto kabisa mwa kioo, kikatoka huko mbio, kikampiga. Kikarudi, kikatoka, kikampiga tena. Damu ya kuchorwa iliruka. Mdogo wake alikuwa akipiga kelele kwa furaha. Fundi akashika tumbo kwa kicheko.

"Kinga basi, kaka! Si ninakuja wazi wazi?"

Raundi ya pili ikawa vile vile. Katika ya tatu mdogo wake akaacha kucheka. Alikipeleka kijitu chake kushoto, akakisimamisha huko, mikono chini, akangoja. Kijitu cha Gunia kilirusha ngumi hewani, kikageuka huku na huku, kikimtafuta mtu aliyekuwa amesimama wazi.

"Kaka," alisema polepole. "Saa iliyo kwenye kioo inasemaje? Pale chini, kona ya kushoto."

"Saa sita na nusu."

"Hakuna saa pale."

Gunia akaishusha kofia zaidi.

"Ni haya manundu tu," Gunia alisema. "La kulia limefunga. Kesho litafunguka."

"Nakuuliza la kushoto."

"Fundi, tunachukua hii nyeusi." Akatoa bahasha, akaitupa juu ya kibodi. "Fungasha."

"Asifungashe! Hospitali ya macho iko hapo mtaa wa pili, na hela unayo mkononi!"

"Hii hela ina kazi yake! Imetoka kwenye taya yangu, nitaitumia nitakavyo! Jicho litangoja. Naenda kambini wiki tano, nikirudi—"

Kofi lilimpata shavu la kushoto, kofi la mkono wazi, kwa nguvu zote za binti aliyelelewa na bondia. Kofia ikaanguka. Jeraha la asubuhi mdomoni likapasuka, na damu ikamwagikia herufi zilizofutika.

Mdogo wake alikuwa ameuinua mkono polepole kabla ya kuushusha. Fundi aliuona. Mtu yeyote angeuona. Mikono ya bondia haingoji kuamriwa, hunyanyuka yenyewe hata usingizini. Na mikono ya Gunia ilikuwa imelala tuli mapajani.

"Umeuona?" mdogo wake aliuliza, akilia. "Niambie kama umeuona."

Gunia alipigwa na watu wengi maishani, wengine waliolipwa vizuri kwa kumpiga. Hakuwahi kulia mbele ya hata mmoja. Sasa machozi yalimtoka jicho lililofunga na linalopofuka, yote mawili.

"Mtaanza Jumatatu," alisema. "Utaandikia nini?"

"Chuo kina kompyuta ishirini. Nitaamka kabla ya wenzangu." Alichukua bahasha, akafuta damu kwenye kibodi kwa ukingo wa kitenge chake, herufi moja moja, akafunga kifuniko. "Samahani, fundi."

Fundi aliokota kofia, akamrudishia mwenyewe.

Nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa. Mdogo wake alizunguka nyuma yake, akaja kushoto, akamshika kiwiko. Walishika njia ya hospitali hadi kwenye njia panda. Kitu kikapita karibu kwa mngurumo, upepo wake ukampiga shavuni, na Gunia akasimama.

"Kuna nini upande huo?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza mtu.

"Pikipiki, imeshapita. Sasa kuna mama ana ndoo. Kuna ukuta. Mlango wa bluu, umefungwa. Kuna mbwa amelala."

"Mkubwa?"

"Wa kawaida," alisema, akamvuta mkono. "Twende, shuka hapa, kuna ngazi ndogo."