Buli la Kinyozi

Chizuru aliingia kwenye karakana ya Mzee Isogai na kifuniko cha buli mkononi, vipande viwili ndani ya leso, na hata mwavuli hakuukung'uta vizuri. Mvua ilikuwa inanyesha mjini Tokoname tangu alfajiri. Mzee alikuwa amekaa kwenye gurudumu lake la kufinyangia, mikono myekundu kwa udongo, akamtazama kwa juu ya miwani.

"Wewe si binti wa Mizokuchi kinyozi?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia kiharusi kimempiga baba yako."

"Kilimpiga, lakini anaendelea vizuri. Anarudi nyumbani Jumamosi." Akaifungua leso juu ya meza. "Na mimi nimemharibia hiki. Nataka unifinyangie kingine kabla hajarudi."

Mzee Isogai alivitambua vipande vile papo hapo, maana buli alilifinyanga mwenyewe, Chizuru akiwa bado msichana wa shule. Alivigusa kwa ncha ya kidole, akavirudisha kwenye leso na kuvifunika.

Ni lazima ieleweke buli hilo lilikuwa nani katika nyumba ile. Mizokuchi hakunywa pombe wala hakucheza kamari. Wembe wake alimwachia mwanafunzi anyoe wateja, ila buli hakumwachia mtu. Asubuhi na jioni alilishika kwa ule mpini wake wa ubavuni, kidole gumba juu ya kifuniko, akamimina chai ya kijani kidogo huku na kidogo kule ili vikombe vyote viwe na ukali mmoja, mpaka tone la mwisho. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni buli. Na mdomo wa Mizokuchi ulikuwa mkali balaa. Shemeji yake alimkaribisha chai siku ya mwaka mpya; Mizokuchi akanusa kikombe, akakirudisha mezani. "Haya majani umeyachemsha kama mboga," akamwambia mbele ya wageni. Shemeji hajamsamehe mpaka leo.

Sasa Chizuru, kwa huruma tu, alitaka kumpelekea hospitali chai ya nyumbani kwenye chupa. Akalishusha buli kabatini, akafanya kila kitu kama alivyomwona baba akifanya. Alipofika kwenye tone la mwisho, buli limeinamishwa karibu kupinduka, simu ikalia. Aliona ni ya hospitali, akashtuka, akainua kidole gumba. Kifuniko kikaanguka kwenye sinki.

"Sikiliza, binti," alisema Mzee Isogai. "Kifuniko hakifinyangwi peke yake. Kinaumbwa pamoja na buli lake, kinachomwa kikiwa juu ya buli lake, halafu navisaga kimoja juu ya kingine mpaka maji yakose pa kupita. Udongo ukiingia motoni hunywea, na kila safari hunywea kivyake. Nikikufinyangia kingine leo kitapwaya tu."

"Basi ukiunge. Si kuna gundi?"

"Gundi iingie kwenye chai ya Mizokuchi? Mimi bado napenda kuishi."

Chizuru alitaka kucheka, ila machozi yakamtangulia. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwenye wajukuu, akasimama pale akijifuta pua kwa mkono wa koti. Mzee akanawa mikono polepole kumpa nafasi ya kumaliza, kisha akamwongoza kwenye rafu.

Walichagua mpaka adhuhuri. Mzee alijaza maji buli moja baada ya jingine. "Ziba tundu la kifuniko kwa kidole, halafu mimina," alimwelekeza. Kama kifuniko kimekaa sawa, maji hukatika ghafla. La kwanza liliendelea kuchuruzika. La pili lilikata vizuri, lakini mdomo wake uliacha tone likitambaa chini ya kidevu. La tatu lilikata, halikudondosha, chujio lake la udongo lilikuwa na matundu madogo kama yale ya zamani, na lilikaa mkononi bila kuvuta kifundo. Rangi ilikuwa ile ile nyekundu. Lililokosekana ni ule mng'ao unaoletwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka mingi, na huo haufinyangwi.

"Atalijua hata kabla hajaligusa," alisema Mzee Isogai.

"Najua, mzee. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Jumamosi baba alirudi. Alitembea kwa mkongojo, lakini mkono wa kulia ulikuwa mzima na maneno yalimtoka sawasawa. Wauguzi walimsindikiza hadi mlangoni wakimsifu kwa upole wake, eti hawajapata mgonjwa asiye na usumbufu kama yeye. Chizuru aliinama kushukuru, akidhani ni uchovu tu.

Nyumbani alimketisha kwenye mkeka mbele ya meza fupi, akamwekea buli, majani, vikombe viwili na maji ya moto. Baba alilitazama buli, kisha akatazama dirishani.

"Mimina wewe," alisema.

Hakuwahi kumwambia hivyo tangu azaliwe. Chizuru aliyapooza maji kwanza vikombeni, akayatia kwenye buli, akasubiri majani yafunguke, akamimina huku na kule, mpaka tone la mwisho. Baba alikunywa.

"Tamu," alisema.

Chizuru akashusha pumzi. Nimepona, alijisemea. Alianza hata kupanga atakavyomsimulia Mzee Isogai, jinsi walivyomhadaa kinyozi mchana kweupe. Kisha lile neno likaanza kumkera. Baba yake hakuwahi kuiita chai tamu maishani. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa kunyamaza na kusogeza kikombe aongezwe.

Akalitia buli maji mara ya pili, na safari hii akayatoa kwenye birika yakiwa bado yanatokota. Akayaacha humo, akaanza kuzungumzia paka wa jirani, kisha mvua, kisha bei ya kabichi, huku akiona aibu kama mwizi. Alipomimina, chai ilikuwa ya manjano iliyofifia, na nyingine akaiacha ndani ilowane na majani, kosa ambalo zamani lingemfukuzisha mezani. Aliionja. Ilikuwa chungu ya kukunja ulimi.

Baba akanywa nusu kikombe kwa utulivu. "Tamu. Asante sana."

"Baba, hilo siyo buli lako."

"Siyo?"

"Lako nimelivunjia kifuniko. Nililishika bila ruhusa yako, nikakiangusha. Hili nimelinunua juzi ili usijue."

Alisubiri. Alimtazama usoni, pale kwenye nyusi ambako hasira zake zote zilianzia, akiomba moyoni zikutane walau kidogo. Nyusi zilitulia mahali pake.

"Si neno," alisema baba. "Mabuli yapo mengi dukani."

Alilisema kwa wema kabisa, kama alivyokuwa akimwambia mteja aliyesahau kofia. Daktari alikuwa amemweleza Chizuru habari za mguu, za dawa, za chumvi. Hili hakuna aliyemweleza.

"Nigombeze basi, baba," alisema.

Baba alimtazama kwa mshangao kidogo, akitafuta.

"Nikugombeze kwa lipi, mwanangu?" aliuliza, akamsogezea kikombe. Na kwa kuwa hakuwa na jingine la kumfanyia, Chizuru aliliinamisha buli, kidole gumba juu ya kifuniko, akamwongezea ile chai chungu iliyobaki mpaka ikaisha.