Mafuta ya Siwema

Wallahi, hii ni kweli tupu. Atakayeninasa na uongo, kahawa ya baraza zima juu yangu.

Mwaka wa hamsini na mbili, Zahoro, dresa wa Kisarawe aliyepeleka dawa vijijini kwa pikipiki, alikipindua uani kinu cha mpingo cha mkewe, akaiegemeza pikipiki juu yake mpaka gurudumu la mbele likaning'inia.

"Na mtama nitautwangia kichwani kwako?" aliuliza mkewe, Mwanajuma.

Zahoro akaendelea kufungua nati. Barabara ya Maneromango ilikuwa inamvunjia chupa za dawa. Aling'oa shokapu za mbele, zenye springi moja kavu, akatia za pikipiki ya jeshi iliyofia Kibaha, zile zinazojazwa mafuta ndani. Mafuta yenyewe hakuwa nayo. Jirani yake Siwema akampa ya nyonyo, aliyoyakamua ili amkande mumewe mgongo atakaporudi.

Mume huyo, Kibwana, baba wa mwanawe Mwishehe, alikamatwa kwa kodi ya kichwa, akapelekwa kuchimba barabara hiyohiyo. Nyapara Saburi akaja kusema ametoroka. Tangu hapo Siwema hakuwa mke wala mjane, na kisimani walimwita bibi wa mtoro.

Asubuhi, Zahoro alipofika kwenye kona ya udongo mwekundu, pikipiki ilipiga magoti. Shokapu zilizama taratibu, zikakataa kuinuka. Akashuka, akasikia jembe likichimba chini ya barabara. Akangoja lipumzike, akaendelea na safari. Wakati wa kurudi, ikawa vilevile.

Jioni akampakia Siwema, mwenye mafuta, akasikilize mwenyewe. Pikipiki ilipoinama, Siwema aliweka kiganja barabarani.

"Baba Mwishehe, mgongo haujambo?"

Shokapu zikapanda, zikashuka.

Saburi akaitwa. Alilisikiliza lile jembe huku akijikuna shingo.

"Ndiye. Ukingo ulimwangukia, tukashindilia. Lakini barabara imeshakaguliwa, haifukuliwi. Na kwa Bwana Mkubwa yeye ni mtoro."

"Basi mwambie kazi imekwisha," alisema Siwema. "Wewe ndiye nyapara wake."

"Haijaisha, dada. Barabara haiishi."

Siwema akarudi nyumbani kukaa eda. Chupa za Zahoro hazikuvunjika tena.

Nilipofika hapo katika kusimulia, Mwanne, binti wa Zahoro, akatua kikombe chake.

"Babu, umenaswa! Kinu kile kipo kwetu mpaka leo. Cha mninga, si cha mpingo!"

Baraza likacheka, nikalipa kahawa yote. Habari ya kona hakuna aliyeipinga. Wengi wao hupita pale kila siku, na wakifika hupunguza mwendo, maana mtu yuko kazini.